Nimejaza kapu la vyakula vya Waingereza na Waayalandi. Viungo vyote walivyobeba kwenye meli zao walivipeleka wapi?

MangiWaTrent
Wakuu heshima kwenu.

Niko Nottingham, kazi yangu ni kutunza wazee. Tangu nifike huku ni ugali na dagaa tu, hadi wazee wenyewe wakaanza kunisema: kijana, unaishi kwetu na hujui tunakula nini. Basi mshahara ulipoingia nikapita supamaketi ya jirani na ninapoishi, nikajaza kapu. Pembeni wana rafu ndogo ya vitu vya Ayalandi, nayo sikuiacha.

Ripoti yangu ni hii. Marmite, ile ya kupaka kwenye mkate, ina chumvi ya kutisha. Bibi mmoja wa pale kazini kanifundisha kwamba unatanguliza siagi, halafu Marmite unaigusisha tu kwa ncha ya kisu. Hapo inalika, ina ladha ya mchuzi wa nyama uliokaukia kwenye sufuria. Maharage ya Heinz yana sukari, na hawa watu wanayamwaga juu ya mkate asubuhi na mapema. Soseji ya damu, ile black pudding, nimeikaanga na kumaliza pakiti. Mtu aliyekulia kwenye kisusio, supu ya damu ya kwetu Uchagani, haogopi damu. Achari ya Branston na jibini ni safi sana. HP Sauce, sosi ya chupa ya kulia nyama, nimeipenda kuliko vyote. Siagi ya Kerrygold ni ya njano na nailamba hivi hivi bila mkate. Salad Cream, sosi yao ya saladi, sijaielewa na sitaki kueleweshwa.

Sasa swali. Watu hawa walitawala Bara Hindi, wakatawala Zanzibar, meli zao zilibeba pilipili manga, mdalasini na iliki miaka nenda rudi. Mbona chakula chao cha kila siku hakina kitu zaidi ya chumvi? Viungo walivipeleka wapi? Wenye uelewa karibuni.

KibaoKata
Uzi bila picha haujakamilika. Weka picha ya hiyo soseji ya damu.

ShangaziKaja
Mwanangu Mangi, mimi niko London tangu miaka ya tisini, na wazee nimewatunza kabla yako. Jibu ni vita. Mgao wa chakula ulianza Januari 1940 kwa nyama ya nguruwe, siagi na sukari, ukaja kuisha Julai 1954, nyama ikiwa ya mwisho kuachiwa. Vita yenyewe iliisha 1945, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Mkate ulianza kugawiwa kwa kuponi baada ya vita, mwaka 1946. Majani ya chai mtu mzima alipata kama gramu 57 kwa wiki. Hata vitunguu viliadimika maana vingi vilikuwa vinatoka ng'ambo, kwenye maeneo ambayo Mjerumani alishayakalia. Mtoto aliyezaliwa 1938 alifika miaka kumi na sita hajawahi kuona mama yake akipika anavyotaka. Hao ndio wazee unaowalisha leo. Wamezoea, na wamewazoesha watoto wao.

Mzizima
ShangaziKaja umenikumbusha Kongwa ya Dodoma. Vijana wengi hawajui kwamba mgao huo ndio uliotuletea mradi wa karanga Tanganyika. Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, wakaamua walime karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walianza 1947, wakaleta matrekta na mashine mabaki ya vita. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kupindukia, mvua nazo zikawagomea. 1951 wakafunga, zaidi ya pauni milioni 36 zimeteketea. Kwa hiyo Mangi, huo mkate wa bibi yako kukosa mafuta kuna mkono wa Dodoma.

KibaoKata
Dodoma inalaumiwa kwa kila kitu jamani 😂

chumvi_nyingi
Nampinga shangazi kwa heshima. Mgao ulikuta chakula kishaharibika. Sababu ni viwanda. Sensa ya 1851 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Uingereza tayari wanaishi mijini. Ukishahamia chumba kimoja karibu na kiwanda huna bustani, huna majani ya kutia mchuzini, kuni na makaa ni ya kununua, na mama naye yuko kiwandani. Unakula mkate, chai yenye sukari, na kitu cha kopo au cha chupa. Angalia kapu la Mangi: Branston ya 1922, Marmite ya 1902, vyote ni vya kiwandani. Chakula cha taifa zima kilihama kutoka jikoni kikaingia kwenye chupa.

Halafu marekebisho madogo. Heinz ni kampuni ya Kimarekani, na maharage yenyewe kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka Amerika ya Kaskazini. Waingereza wanayapika kiwandani Wigan na kuyapenda kupita wenye kampuni. Ila Salad Cream ni ya kwao kabisa, Heinz aliitengeneza 1914 kwa ajili ya soko la Uingereza, kwa hiyo usiikwepe.

MangiWaTrent
Naikwepa.

binti_vuga
Salaam. Kwanza turekebishane. Karafuu za Zanzibar hazikupandwa na Mwingereza. Zilistawi zama za Sayyid Said, Mwingereza kaja kuweka himaya 1890, mashamba yapo na mikarafuu ishazaa. Na jasho la mashamba hayo lilikuwa la watumwa, hilo nalo tusilipite kimya tukisifia viungo.

Pili, nani kawaambia viungo havipo? Vimehamia kwenye vitamu na kwenye chupa. Mngojeeni Mangi mpaka Desemba ale keki yao ya Krismasi na vile vipai vidogo vya zabibu: karafuu, mdalasini, kungumanga. Mikate yao ya Pasaka yenye msalaba ni mdalasini mtupu. Wana mchuzi wa maziwa na mkate wa kulia kuku, kitunguu kinachomekwa karafuu ndipo kitiwe kwenye maziwa yachemke. Nyama ya kawaida ndiyo wameinyima.

Na hiyo HP Sauce uliyoipenda, Mangi, hebu igeuze chupa usome nyuma. Kisha uniambie kwa nini umeipenda.

MangiWaTrent
Nimeinuka hadi jikoni. Nyanya, siki, molasi... TENDE... UKWAJU.

Binti Vuga nimekuinulia mikono.

binti_vuga
Si nilijua. Sosi ya Lea & Perrins ya Worcester nayo ina ukwaju, na ndani mna samaki wadogo jamii ya dagaa waliochachushwa. Inauzwa tangu 1837. Basi ukila ile unakula urojo uliopelekwa shule.

Mzizima
"Urojo uliopelekwa shule" 😂😂 nimeondoka nayo hiyo.

chumvi_nyingi
Kwa faida ya mleta uzi: HP Sauce ni ya mji wako. Aliyeibuni alikuwa muuza duka wa Nottingham, Frederick Gibson Garton, akasajili jina 1895. Baadaye akamuuzia mtengeneza siki kwa pauni 150 pamoja na kufutiwa deni. Kiwanda kilikuwa Aston, Birmingham, kikafungwa 2007. Sasa hivi inatengenezwa Uholanzi, na kwenye chupa bado wameacha picha ya Bunge la Uingereza.

GumboKuu
Niko Nairobi. Wasee, mutura mnaiacha hivi hivi? Hiyo black pudding ni mutura iliyokosa moto na kachumbari. Sisi ya kwetu inachomwa kwa mkaa jioni, unakatiwa hapo hapo kwenye ubao, chumvi na pilipili unajichovyea mwenyewe. Yao naambiwa ni damu ya nguruwe, mafuta na oti, halafu wanaikaanga asubuhi na mayai. Nani anakula mutura asubuhi?

MangiWaTrent
Mimi. Leo.

UstadhiLikoni
Assalaam alaykum. Kwa ndugu Waislamu mlioko huko na mnasoma uzi huu mkimeza mate: damu ni haramu, ya nguruwe au ya ng'ombe, Qur'ani iko wazi. Hilo halina mjadala. Yenye mjadala ni mengine. Vile vipai vya Krismasi alivyovitaja Bi Vuga hutiwa mafuta ya figo ya ng'ombe, na ng'ombe huyo hujui kachinjwaje. Siku hizi kuna ya mimea, soma lebo. Pipi za kutafuna nyingi zina jelatini ya nguruwe. Na Marmite hutokana na hamira iliyokwisha tumika kutengeneza bia. Kuna wanaosema imeshabadilika ikawa kitu kingine, kuna wanaojiepusha. Mimi najiepusha.

binti_vuga
Ustadhi shukran, ila vipai mimi nimevitaja, sikusema nimevila.

UstadhiLikoni
Nimenyamaza.

NesiWaZamu
Mimi ni muuguzi, naitetea Marmite kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 daktari mmoja Mwingereza, Lucy Wills, alikuwa Bombay akichunguza upungufu wa damu kwa wajawazito maskini, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Aliwapa Marmite wakapata nafuu. Kitu kilichokuwa kinawasaidia kilikuja kujulikana baadaye kuwa foleti, aina ya vitamini B, na vile vidonge vya foliki wanavyopewa akina mama kliniki leo historia yake inapita kwenye kichupa hicho. Kwa hiyo Mangi gusisha tu kwa kisu, sitakuzuia. Ila mwenye presha aangalie chumvi.

MtoroWaCork
Nimesoma wee mpaka hapa, naona Waayalandi wametajwa kwenye kichwa cha uzi halafu wamesahaulika. Mimi niko Cork. Tafadhali msiwachanganye na Waingereza, huku mtu anaweza kukuacha baa ukamalize bia peke yako.

Ayalandi hakuna haja ya kutafuta viungo vilikwenda wapi, havikuwahi kuwa vya maskini. Mwaka 1841 kisiwa hiki kilikuwa na watu zaidi ya milioni nane, na mamilioni kati yao waliishi kwa viazi na maziwa. 1845 ukaja ugonjwa wa viazi, ukarudi tena na tena. Kiasi cha watu milioni moja wakafa, wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Na wakati huo huo nafaka na siagi vilikuwa vinasafirishwa kwenda kuuzwa Uingereza. Soko la siagi la hapa Cork karne hiyo ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote duniani. Sasa ukiishi karibu na siagi namna hiyo na huna uwezo wa kuila, siku ukiipata hutaki kuifunika na bizari.

Ndiyo maana Kerrygold ni ya njano: ng'ombe wanakula majani mabichi sehemu kubwa ya mwaka, rangi ya majani inaingia kwenye mafuta ya maziwa. Jina lenyewe ni la 1962 tu, lilibuniwa kwa ajili ya kuuza nje. Mangi, hujanunua mkate wa soda? Ngano ya huku ni laini, haiumuki vizuri kwa hamira, wakaumua kwa bakingi soda na mtindi. Unakanda dakika chache, unachora msalaba juu, unaoka. Upake siagi ukiwa wa moto. Hapo utasahau Nottingham.

Na viazi vya kukaanga vya Tayto, ladha ya jibini na kitunguu. Tayto ya Dublin, 1954, ndio walioanzisha ladha hiyo.

MvuaKilaSiku
Mimi niko Belfast. MtoroWaCork umewaambia nusu. Kuna Tayto mbili. Ya kwetu huku kaskazini iko Tandragee tangu 1956, kampuni tofauti kabisa, na ladha ni tofauti. Ya kwetu ni bora. Mangi hebu tuambie hiyo uliyonunua pakiti yake ni ya upande gani.

MtoroWaCork
Waliokopi nao wanasema yao ni bora. Haya.

MvuaKilaSiku
Onja zote mbili ukiwa umefumba macho halafu urudi hapa.

KibaoKata
Watu wameacha nchi zao wanakuja kupigania viazi vya wenyewe.

DaktariMchaichai
Naomba nilete sayansi. Nchi za joto chakula kinaharibika upesi, viungo vinaua vijidudu, ndiyo maana Wahindi na Waswahili wanatia viungo. Uingereza ni baridi, nyama inakaa, hawakuhitaji. Swali limekwisha.

chumvi_nyingi
Halijakwisha. Nyama iliyooza huiokoi kwa mdalasini. Na kama ni joto, Singida kuna joto. Niambie mlenda una viungo gani.

binti_vuga
Ahsante chumvi_nyingi, nilikuwa natafuta pa kuanzia. Mangi, kwenu Moshi machalari mnatia nini?

MangiWaTrent
Ndizi, nyama, kitunguu, nyanya...

binti_vuga
Na?

MangiWaTrent
Chumvi.

binti_vuga
Haya.

Mzizima
Kaanguka huyo. Bara nzima tunachemsha. Ugali, mchicha, nyama choma, samaki wa kuchemsha wa Kanda ya Ziwa: chumvi na ndimu. Karafuu zimekaa Unguja na Pemba zaidi ya miaka 150, ni boti tu hapo, na Mgogo hajawahi kuzitia kwenye chakula. Kwa hiyo swali la Mangi ligeuzwe kwanza: kwa nini mtu akikaa karibu na kiungo ni lazima akile? Mkulima wa kahawa Kilimanjaro wangapi wanaikunywa?

GumboKuu
Hapo umegonga. Nyama choma ukitia masala mzee anakuuliza unaficha nini.

ShangaziKaja
Mzizima, hoja nzuri lakini Mgogo hakuwahi kutuma meli kwenda kutafuta pilipili manga. Hawa walituma, wakapigana na Waholanzi kwa ajili ya viungo, wakavipata, halafu wakala viazi vya kuchemsha. Hapo ndipo pana ajabu.

MsomajiKimya
Kuna maelezo mengine, shangazi. Zamani za kati matajiri wa Uingereza walikula viungo kwa wingi kweli kweli, maana vilikuwa ghali na ndiyo ilikuwa fahari. Karne ya 17 meli zikavileta vingi, bei ikashuka, hata mwenye duka dogo akawa nayo pilipili manga. Kitu kikishakuwa cha kila mtu tajiri hakitaki. Mitindo ikatoka Ufaransa ikisema nyama iwe na ladha ya nyama, mchuzi utokane na mifupa na siagi. Wakubwa wakaacha, wadogo wakawaiga. Kwa hiyo viungo viliondoka mezani kwa sababu vilipatikana.

chumvi_nyingi
Hiyo inaeleza mabwana. Haielezi maskini wa Manchester ambaye Ufaransa hakuijua.

MsomajiKimya
Maskini wa Manchester umeshamweleza wewe.

ShangaziKaja
Na wa Manchester mwenyewe alirudi kwenye viungo, tena zamani. Hapa London mkahawa wa vyakula vya Kihindi ulifunguliwa 1810, wa Sake Dean Mahomed. Haukudumu, alifilisika, lakini mkumbuke ni 1810. Leo wazee wangu Ijumaa wanaagiza kuku wa tikka, na 2001 waziri wao wa mambo ya nje, Robin Cook, alikiita chakula cha taifa.

NesiWaZamu
Na msiseme hawana ukali. Mangi, kanunue haradali ya Colman's, ile ya njano. Chukua kijiko kizima kwa mkono wa kujiamini.

MvuaKilaSiku
Nesi usimuue mwenzio. Mangi, chukua kidogo sana na nyama. Haiumi ulimi, inapanda puani hadi kwenye macho.

Muskati
Nawasalimu kutoka Muscat. Mmesahau kinywaji. Vimto. Ilianzia Manchester 1908, sharubati ya zabibu na matunda meusi pamoja na viungo ndani yake. Huku Ghuba Ramadhani bila Vimto futari haijatimia. Madukani wanazipanga chupa mpaka juu wiki kadhaa kabla. Waingereza wenyewe wengi wanaichukulia kinywaji cha watoto tu. Kwa hiyo kama mnauliza viungo walipeleka wapi, vingine walivitia kwenye sharubati wakatuuzia sisi.

KibaoKata
Muskati hakuna uzi utakaopita bila Muscat kuingia. Juzi kwenye uzi wa treni ya mwendokasi alileta halua.

Muskati
Na halua ililiwa.

UstadhiLikoni
Vimto haina tatizo. Nathibitisha.

MangiWaTrent
Wakuu asanteni, nimepata mgao wa vita, viwanda, fasheni ya mabwana, joto, na matusi kuhusu machalari. Nilipomweleza yule bibi mkate wa soda wa MtoroWaCork, kasema mama yake alikuwa wa Mayo, huko huko Ayalandi, na alikuwa anauoka kila Jumamosi. Nikamwuliza kwa nini hawatii viungo kwenye nyama. Kanijibu: "Kwani nyama ina kasoro gani?" Nimeshindwa kuendelea.

Swali la pembeni: naenda likizo Moshi mwezi wa kumi na mbili, mama anataka zawadi ya chakula. Nibebe nini? Nilifikiria majani ya chai ya Barry's, nimeyapenda, yana rangi nzito na yanabeba maziwa vizuri.

MtoroWaCork
Chaguo zuri. Barry's ni ya hapa Cork, tangu 1901. Waayalandi kwa kunywa chai, ukihesabu kwa kila mtu, wako kati ya wa kwanza duniani, nyuma ya Waturuki.

GumboKuu
Subiri. Hiyo Barry's majani wanatoa wapi?

MtoroWaCork
Wanachanganya. Kenya, Rwanda, Assam.

GumboKuu
Kwa hivyo chai itoke Kericho, ipigwe mnada Mombasa, ipande meli hadi Cork, Mangi aibebe kwa begi mpaka Moshi, mahali unaona Kenya ukiwa kwa choo cha nje?

Mzizima
Mama atauliza kwa nini hukuchukua ya Mufindi.

ShangaziKaja
Mletee biskuti, mwanangu. Zile za tangawizi, za kuchovya kwenye chai. Na chupa moja ya HP kwa ajili ya nyama.

KibaoKata
Picha ya black pudding bado tunaisubiri.